Kete za Udongo: Jinsi Watu wa Sumeri Walivyofikia Kuandika

Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa walimu vijana, tuliwafundisha watoto wa darasa la nne kwamba habari za wanadamu zimegawanyika sehemu mbili. Tulichora mstari ubaoni. Upande wa kulia tuliandika neno Historia, upande wa kushoto tukaandika Giza, na katikati, penye mpaka, tukaandika Maandishi. Ndivyo tulivyofundishwa sisi wenyewe, wala hatukuona sababu ya kubadili. Juma lile lile alikuja shuleni mzee mmoja, babu wa mwanafunzi wetu, kutuomba tushuhudie shauri la mahari. Hakuleta karatasi. Alikunjua kitambaa akatoa fungu la vijiti vilivyofungwa kwa kamba ya mgomba: virefu kwa ng'ombe, vifupi kwa mbuzi, na viwili vilivyochomwa ncha kwa wanyama waliokufa kabla ya kufika. Mkwewe naye alitoa fungu lake. Wakavilaza juu ya meza yetu, kijiti kwa kijiti, na shauri likaisha kabla ya kengele ya saa sita. Ubaoni nyuma yao lilikuwa lingali limeandikwa neno Giza.

Tangu siku ile tumejaribu kusoma, kadiri vitabu vilivyotufikia, jinsi maandishi yalivyoanza duniani. Tulitazamia kukuta habari za wafalme na za wenye hekima. Tulizozikuta ni habari za kondoo, shayiri na pombe, na za makarani waliotaka kujua ni nani aliyechukua nini. Wenzetu walimu na mapadre wengi wangali wakiuchora mstari ule tuliouchora sisi. Kwa ajili yao twaandika maneno haya.

Kwanza tuupime muda wenyewe. Nyayo zilizoonekana Laetoli, kusini ya Oldupai katika Tanzania, mwaka 1978, ziliachwa na viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili juu ya majivu mabichi ya volkano, yapata miaka milioni tatu na laki sita iliyopita. Watu wa namna yetu hasa wamekuwako katika Afrika tangu miaka 300,000 hivi. Maandishi ya kale kuliko yote yaliyokwisha kuonekana yana umri wa miaka 5,300 tu, kwa kukadiria. Mwalimu akitaka kulionyesha jambo hili darasani, na achore ubaoni mstari wa mita 3, uwe ndio miaka 300,000 hiyo. Maandishi yote, ya Wasumeri, ya Wamisri, ya Wagiriki na haya yetu, yatakaa katika sentimita 5 na kitu kidogo za mwisho.

Je, katika urefu ule mwingine wote watu hawakuhesabu, wala hawakuweka ukumbusho? Huko Ishango, mahali mto Semliki utokapo katika Ziwa Edward, upande wa Kongo, Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua mwaka 1950 mfupa mdogo wenye chale zilizopangwa kwa mafungu. Umri wake wakadiriwa kuwa miaka 20,000 au zaidi. Wataalamu hawajapatana: wengine husema chale zile ni hesabu, wengine kwamba ni kalenda ya mwezi, na wengine kwamba zilichanjwa ili mkono usiteleze tu. Hatuna haja ya kuingia katika ugomvi huo. Mtu aliyezichanja alizipanga kwa makusudi, na hilo latutosha hapa.

Haja ya kuhesabu iliongezeka sana watu walipoanza kulima na kufuga. Katika nchi zilizoanzia Palestina, zikapanda hadi kusini ya Uturuki, zikashuka kwa milima ya Zagros iliyo mpakani mwa Iraki na Uajemi, watu walianza, tangu karibu mwaka 9500 kabla ya Kristo, kupanda ngano na shayiri na kuwazoeza mbuzi na kondoo. Kazi hiyo ilichukua vizazi vingi, wala hapana mtu mmoja aliyeivumbua. Mwindaji hana haja ya kujua idadi ya paa waliomo porini. Mfugaji hulala akihesabu. Mkulima naye lazima ajue ni kiasi gani cha kula mpaka mavuno, na ni kiasi gani asichokigusa hata watoto wakilia, kwa sababu ni mbegu.

Katika vijiji vya wakulima hao, tangu karibu mwaka 8000 kabla ya Kristo, vyaonekana vitu vidogo vya udongo, vingine vimechomwa motoni: pia, tufe, visahani, vijiti vya mviringo, vipande vya pembe tatu. Ukubwa wake ni kama wa ncha ya kidole. Kwa muda mrefu wachimbaji walivitia katika masanduku ya makumbusho bila kujua ni vya nini. Wengine walidhani ni vitu vya kuchezea watoto. Kwa Kiswahili tumependa kuviita kete, kwa kuwa kazi yake ni kama ya kete za bao: kitu kidogo kisicho na thamani chenyewe, chenye maana kwa wanaocheza tu.

Aliyezishughulikia kete hizo kuliko wengine ni Denise Schmandt-Besserat, mwanamke aliyezaliwa Ufaransa akafundisha Marekani. Tangu miaka ya 1970 alizizungukia katika makumbusho ya nchi nyingi, akasema kwamba kila umbo lilikuwa na maana yake: pia ni kipimo kidogo cha nafaka, tufe ni kipimo kikubwa, kisahani chenye alama ya msalaba ni kondoo. Na maumbo hayo, asema, ndiyo yaliyogeuka kuwa herufi za kwanza. Wengine walimpinga. Wakauliza inawezekanaje umbo moja lishike maana moja kwa miaka 4,000, katika nchi pana hivyo. Tena herufi nyingi za kwanza hazina kete inayofanana nazo. Sisi twaona wapinzani wana haki katika maana ya umbo moja moja. Lakini kwamba kete zilikuwa za kuhesabia, na kwamba njia ya kuandika tarakimu ilipitia kwazo, hapo twaona ushahidi ni mwingi.

Ushahidi mmoja wapendeza kuusimulia. Huko Nuzi, kaskazini ya Iraki, wachimbaji walipata katika miaka ya 1920 donge la udongo kama yai, lenye uwazi ndani. Lilitengenezwa yapata miaka 1,500 kabla ya Kristo, wakati ambapo maandishi yalikuwa yamekwisha kuwa mambo ya kila siku. Nje yake yameandikwa majike ya kondoo, madume, wana-kondoo na mbuzi, wote pamoja wasiotimia 50. Lilipofunguliwa ndani mlikuwa na vijiwe, navyo vililingana na wanyama walioandikwa. Mwaka 1959 mtaalamu A. Leo Oppenheim aliyaeleza maana yake: karani aliandika kwa ajili ya karani mwenziwe, na vijiwe viliwekwa kuwa hesabu yenyewe ya wanyama. Tuliposoma habari hiyo tuliviona tena vijiti vya mzee wetu juu ya meza.

Sasa twende kusini, mpaka nchi tambarare iliyo kati ya Frati na Hidekeli, ambayo wasomaji wa kitabu cha Mwanzo waijua kwa jina la Shinari. Mji wa Ereku, unaotajwa katika sura ya 10 ya kitabu hicho, ndio Uruk wa wataalamu, na mahali pake leo huitwa Warka, katika Iraki ya kusini. Nchi ile haina mawe, haina madini, wala haina miti ya kujengea ila mitende. Ina udongo, matete na maji ya mito. Ndiyo sababu nyumba zao, na mahekalu yao pia, ni ya matofali, na mwenye kuandika habari za mnara wa Babeli alijua vema aliposema kwamba walitumia lami mahali pa chokaa. Kwa udongo walijenga, kwa udongo walifinyanga, hata mundu wa kuvunia waliufanya kwa udongo mgumu uliochomwa. Tusistaajabu basi kwamba hata kuandika waliandika juu ya udongo.

Mashamba yaliyonyweshwa kwa mifereji yalizaa sana, na watu wakakusanyika. Karibu mwaka 3100 kabla ya Kristo Uruk ulikuwa na eneo la hekta 250 hivi, wenye watu makumi ya maelfu. Hapo ndipo penye kiini cha habari yetu. Katika kijiji, mwenye kutoa na mwenye kupokea hujuana. Wakigombana huja na vijiti vyao mbele ya wazee. Katika mji kama ule, mchungaji aliyeleta kondoo wa hekalu hakumjua mfumaji aliyepewa manyoya yake, na mwenye ghala hakumjua mkulima. Watu wasiojuana ndio waliohitaji kitu cha tatu kiseme kwa niaba yao.

Neno letu la ustaarabu latokana na Kiarabu, na asili yake ni kujifanya Mwarabu. Wazungu nao hulitwaa neno lao kutoka katika neno la Kilatini kwa mwenyeji wa mji. Kila mtu hujitazama mwenyewe anapotafuta jina la jambo hili. Wasumeri wangeulizwa, labda wangejibu kwa kuonyesha bakuli. Maana katika magofu ya Uruk na miji ya wakati ule zimeonekana bakuli za udongo, kwa maelfu na maelfu, mbovu za kutazama, zilizofinyangwa kwa haraka na kingo zilizokatwa mshazari. Ujazo wake wakaribia kibaba chetu. Wataalamu wengi huona zilikuwa za kugawia posho. Na alama ya bakuli hiyo ndiyo iliyotumika katika maandishi kuwa chakula au posho; wakichora kichwa cha mtu na bakuli mdomoni, husomwa kula.

Basi hatua zenyewe zilikuwa hivi. Karibu mwaka 3500 kabla ya Kristo, katika Uruk na katika Shushani ya Uajemi, makarani walianza kuzifungia kete ndani ya donge la udongo, kisha kuviringisha juu yake muhuri wa jiwe wenye picha, ili mtu asiweze kulifungua bila kujulikana. Ni akili njema, ila ina taabu yake: ukitaka kuhakikisha yaliyomo, huna budi kulivunja, na ukilivunja ushahidi umekwisha. Wakaanza kuzigandamiza kete juu ya donge lingali bichi kabla ya kuzitia ndani, kila kete ikaacha alama yake nje. Kisha twaona vibao vya udongo visivyo na uwazi, vimegandamizwa alama zile zile, wala kete hazimo tena. Na baada ya hapo, karibu mwaka 3300, kando ya alama za idadi zikachorwa kwa ncha ya tete picha za vitu vyenyewe: kichwa cha ng'ombe, suke la shayiri, mtungi.

Vibao vya namna hiyo na vipande vyake vimetoka Uruk yapata 5,000, hasa katika machimbo ya Wajerumani yaliyoendelea tangu mwaka 1928. Zaidi ya vinane katika kila kumi ni hesabu za ghala. Vilivyobaki ni orodha za maneno kwa ajili ya wanaojifunza: majina ya vyombo, ya wanyama, ya miji, ya vyeo. Hapana sala, hapana shairi, hapana barua, hapana jina la vita.

Hesabu zenyewe ni ngumu kuliko tulivyodhani. Walikuwa na njia zaidi ya kumi za kuhesabu, kila njia kwa namna yake ya vitu, na alama zile zile zilibadilika thamani. Alama ya duara dogo, katika kuhesabu kondoo au watu, ilikuwa sawa na kumi za alama ndogo iliyo chini yake. Katika kupima shayiri duara lile lile lilikuwa sawa na sita. Katika kupima mashamba lilikuwa sawa na kumi na nane. Msomaji asiseme upesi kwamba huo ni ujinga. Babu zetu wa pwani walipima mchele kwa vibaba, visaga na pishi, wakihesabu viwili viwili, walihesabu nguo kwa korja, ishirini ishirini, na pembe na karafuu kwa frasila, yaani ratli 35, wala hawakuchanganyikiwa. Wazo kwamba tano ni tano, ikiwa ni ya ng'ombe au ya debe, ni wazo lililochelewa kuja, na watoto wa darasa la kwanza hutuonyesha kila mwaka kwamba si jepesi. Hesabu yao ya sitini tunayo hadi leo: ndiyo sababu saa ina dakika 60.

Kuna kundi la vibao lenye jina Kushim. Labda ni jina la mtu, labda ni jina la cheo, wasomi hawajaamua. Kazi yake ilikuwa shayiri ya kutengenezea pombe, na kibao kimoja chataja vipimo 29,086 vya shayiri katika muda wa miezi 37. Kama ni mtu, basi miongoni mwa watu wa kwanza duniani ambao majina yao yaliandikwa yumo mtunza ghala la pombe. Wenzetu mapadre watusamehe.

Lakini wako wengine walioandikwa. Alama ya mjakazi katika vibao hivyo imefanywa kwa kuunganisha alama mbili, ya mwanamke na ya milima. Milima haimo Sumeri. Iko mbali, mashariki na kaskazini. Ni wazi basi wanawake hao walitoka wapi, wala hatudhani walikuja kwa hiari yao. Wametiwa katika hesabu pamoja na kondoo na shayiri. Sisi tulio karibu na pwani hatuhitaji kufundishwa jambo hilo, maana mpaka soko la Unguja lilipofungwa mwaka 1873 watu walihesabiwa forodhani kama zilivyohesabiwa pembe. Twalitaja kwa sababu ule mstari wetu wa ubaoni ulisema kwamba maandishi ndiyo yaliyoleta nuru. Kwa mwanamke yule wa milimani, nyimbo alizowaimbia wanawe kabla ya kutekwa hazikuandikwa na mtu. Kilichoandikwa ni idadi yake.

Ajabu ni kwamba Wasumeri wenyewe walikuja kusahau habari hii. Wanayo hadithi ya Enmerkar, mfalme wa Uruk, aliyempeleka mjumbe kwa mtawala wa nchi ya mbali iitwayo Aratta. Ujumbe ulikuwa mrefu, ulimi wa mjumbe ukawa mzito, akashindwa kuukariri. Ndipo mfalme alipotwaa udongo akaandika maneno yake juu yake, jambo ambalo halikuwa limefanywa kabla ya siku ile. Ni hadithi nzuri. Ila ilitungwa karne nyingi baada ya mambo yenyewe, na udongo wa Uruk wasema vingine. Maneno ya mfalme hayakuwa katika vibao vya kwanza hata kidogo. Twaona ni desturi ya wanadamu, wakikifikia kitu kizuri, kumpa mfalme sifa yake na kumsahau karani.

Je, walivukaje kutoka kuandika vitu mpaka kuandika maneno? Hapa lugha yenyewe iliwasaidia, na wasomaji wa kurasa hizi, wapendao mambo ya lugha, wataruhusu tukawie kidogo. Kisumeri kina maneno mengi mafupi, ya silabi moja, na mengi yalifanana kwa sauti. Neno gi ni tete, na neno jingine lenye sauti hiyo ni kurudi au kurudisha. Karani akitaka kuandika kwamba mali imerudishwa, hawezi kuchora kurudi. Lakini aweza kuchora tete. Ni kama mtu wetu anayetaka kuandika neno alikaa, naye hajui herufi: amchore kaa wa pwani. Akitaka kuandika kwamba ndege alipaa, na achore paa la nyumba. Mara alama imeachana na kitu, imeshikamana na sauti, na sasa yaweza kuandika kila neno la kinywa, hata jina la mtu, hata kiapo.

Shaka moja yabaki. Mbuzi aliyechorwa ni mnyama, au ni mbuzi ya kukunia nazi? Wasumeri waliliona jambo hili, wakaweka kando ya neno alama isiyosomwa, ya kuonyesha jinsi ya kitu. Vitu vya mti vilitanguliwa na alama ya mti. Kwa njia yao, mbuzi mwenye alama ya mti kando yake angekwenda jikoni, na asiye nayo angekwenda zizini.

Kuna neno jingine, ti, lililokuwa na maana ya ubavu, na sauti hiyo hiyo ikawa ya uhai. Wako wasomi, akiwamo Samuel Noah Kramer, waliofikiri kwamba mchezo huu wa maneno ndio ulio nyuma ya habari ya Hawa, aliyefanywa kwa ubavu, naye jina lake lahusiana na uhai. Twalieleza tu, hatuliamui. Kwa Kiebrania maneno hayo mawili hayafanani.

Kitendo cha Kisumeri kilikusanya viambishi mbele ya shina kwa namna ambayo mtu wa lugha zetu hawezi kuisoma bila kutabasamu. Munansum ni alimpa: ndani ya neno moja mna mtoaji, mpewa na kitendo. Tena majina yaligawanyika jinsi mbili, ya watu na ya visivyo watu, kama ngeli yetu ya watu ilivyo mbali na nyingine. Hayo hayaonyeshi undugu wowote. Kisumeri hakina ndugu ajulikanaye duniani, na mwalimu atakayewaambia wanafunzi kwamba Wabantu walitoka Sumeri atakuwa amejenga mnara bila matofali.

Kutoka hesabu za kwanza hata maandishi ya methali, nyimbo na mawaidha ya baba kwa mwanawe, ilipita miaka yapata 700. Haya yaonekana karibu mwaka 2600 kabla ya Kristo. Baadaye, karibu mwaka 2300, yuko Enheduanna, binti Sargon, kuhani wa kike katika mji wa Uru, ambaye ni mtunzi wa kwanza duniani ambaye jina lake tunalo. Picha zilikuwa zimekwisha kugeuka mikato ya kabari, kwa sababu ncha ya tete hugandamiza udongo vizuri kuliko inavyochora.

Kufikia miaka 1,800 kabla ya Kristo Kisumeri hakikusemwa tena nyumbani. Watu walisema Kiakadi. Lakini shuleni kiliendelea. Katika mji wa Nippur imechimbuliwa nyumba moja ndogo, wala si kubwa kuliko nyumba ya mwalimu wa kijiji, nayo ilikuwa na vibao na vipande zaidi ya 1,000, vilivyoandikwa na wanafunzi. Shule waliiita nyumba ya vibao. Upande mmoja wa kibao mwalimu aliandika kielelezo, na upande wa pili mtoto alinakili, akakosea, akafuta kwa kidole, akanakili tena. Kuna kisa kilichopendwa sana nao, cha mwanafunzi anayechapwa siku nzima: kwa kuchelewa, kwa kunong'ona, kwa mwandiko mbaya, na kwa kutosema Kisumeri. Mwisho baba yake amwalika mwalimu nyumbani, amlisha, amvika nguo mpya, na ghafula mtoto aonekana ana akili nyingi. Kosa lile la nne lilitugusa. Nasi, katika shule moja, tulivikwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya mama uwanjani, na aliyekuwa nacho jioni ndiye aliyechapwa. Hatukujua wakati ule kwamba adhabu hiyo ilikuwa na ukoo wa kale hivyo.

Mataifa mengine walifikia maandishi kwa njia zao. Huko Abydos katika Misri, katika kaburi la karibu mwaka 3200 kabla ya Kristo, vimeonekana vibandiko vidogo vya mfupa na pembe, vyenye tundu la kufungia katika mizigo. Tena ni mambo ya mali na ghala. Wachina waliandika juu ya mifupa ya kuagulia, karibu mwaka 1200. Na Wainka wa Peru walitawala nchi ndefu yenye barabara na maghala bila herufi yoyote, ila kwa kamba zenye mafundo. Mwenye kusema kwamba pasipo maandishi hapana dola, na awajibu hao.

Wala herufi hazikuziua kete. Huko Ziyaret Tepe katika Uturuki, mji wa Waashuri wa karne ya 7 kabla ya Kristo, kete za udongo zimekutwa pamoja na vibao, miaka zaidi ya 2,000 baada ya watu kujua kuandika. Yaelekea ghalani mlikuwa na watu wawili, mmoja wa kuhamisha kete wakati magunia yanapoingia, na mwingine wa kuandika baadaye.

Siku hizi hatuuchori tena mstari ule. Badala yake huwapeleka watoto mtoni kuchukua udongo wa mfinyanzi, tukawapa kazi: watengeneze kete za mbuzi na za kuku, wazifunge ndani ya donge, wampelekee mwenzao wa darasa jingine, na huyo ajue amepelekewa nini bila kuuliza. Siku ya kwanza hulivunja donge. Siku ya pili hulalamika kwamba limevunjika, na mara nyingi yuko mmoja anayeanza kuchora nje. Mwaka huu msichana mmoja wa safu ya nyuma alilitazama donge lake lenye alama nje, akaligeuza mkononi, akauliza, "Mwalimu, kama alama ziko nje, hizi za ndani ni za nini?" Hatukumjibu, kwa kuwa jirani yake alikuwa amekwisha kulitwaa donge lile. Alisema hakuziamini alama za mwenziwe. Akalivunja juu ya dawati, akahesabu.